Wanaotuambia Tukakae Jangwani

Kuna ushauri ambao kila mtu aliyeishi barabarani kwa miaka mingi nchini Marekani huupata bure, hata asipouomba. Akitamka tu kwamba sasa amechoka na anataka kutua, wenzake humzunguka na majedwali. Jimbo lipi halitozi kodi ya mapato? Wapi bima ya gari ni nafuu? Wapi hakuna theluji? Wapi ekari tano zinapatikana kwa bei ya gari kuukuu, na jirani yuko mbali hata mbwa wake hasikiki? Ushauri huu nimeusikia Texas, nikausikia Florida, nikausikia Arizona tukiota moto kambini, na kila mara umetolewa kwa moyo mwema. Mimi naupinga. Naupinga kwa kuwa naona unawapeleka wazee mahali pabaya, na kwa kuwa mimi na mume wangu ni miongoni mwa hao wanaoshauriwa.

Nieleze kwanza ni maisha gani ninayoyasema, maana msomaji aliye Tanga au Morogoro aweza kudhani nazungumzia watalii. Gari-nyumba ni gari au trela lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Wamarekani wengi huyatumia wakati wa likizo tu, lakini wapo maelfu wasio na nyumba nyingine yoyote. Sisi tumo humo. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Hospitali na kliniki za Marekani zinapopungukiwa wauguzi huajiri kwa mikataba mifupi, aghalabu ya wiki 13, na anayekubali kuhamahama hulipwa vizuri kuliko aliyekaa. Mwaka 2013, mtoto wetu wa mwisho alipomaliza chuo, tuliuza nyumba yetu ya Houston, tukanunua trela la kuishi la mita 10 na pikapu la kulivuta. Mume wangu alikuwa fundi umeme. Kazi za kambini hazikumpita. Tumeishi hivyo tangu mwaka huo, na sina ugomvi na maisha hayo. Yametulisha, yametusomesha nchi ambayo wenyeji wengi hawaijui. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kuyamaliza.

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiyo hoja inayotangulia siku zote. Mtu asiye na makao ya kudumu hana budi kuwa na jimbo moja analoliita lake, vinginevyo hapati leseni ya udereva, wala bima, wala pa kupokelea barua. Majimbo yanayopendwa na wasafiri ni South Dakota, Texas na Florida, na yote matatu hayatozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. South Dakota imerahisisha mambo mno: unalipia sanduku la barua kwa kampuni inayofanya kazi hiyo, unalala usiku mmoja kambini au hotelini, unachukua risiti, na kwa risiti ile unakwenda kuombea leseni. Kwa msafiri ni mpango mzuri, lakini ni mpango wa karatasi. Jimbo lenyewe linajua hivyo, ndiyo maana mwaka 2023 lilitunga sheria ya kumtaka mtu awe amekaa humo siku 30 kabla ya kujiandikisha kupiga kura.

Sasa mtu anayestaafu huchukua kigezo kilekile kilichomfaa alipokuwa hakai popote, akakitumia kuchagulia mahali pa kukaa. Mimi hapo sielewi. Kodi ya mapato humuuma mwenye mapato. Mzee anayeishi kwa pensheni ya serikali na akiba kidogo hana mengi ya kutozwa, lakini kula atakula. South Dakota, hiyo isiyotoza mapato, hutoza kodi ya mauzo hata kwenye unga, mchele na maziwa. Texas haigusi mshahara wako, lakini kodi yake ya nyumba na kiwanja ni miongoni mwa zile za juu Marekani. Sisi tuliokuwa na nyumba Houston twaijua bili ile ilivyokuwa ikitua mwisho wa mwaka. Florida ina vimbunga, na bima ya nyumba huko ni msiba wa peke yake. Septemba 2022, kimbunga Ian kilipoipiga pwani ya kusini-magharibi, kambi za magari-nyumba za Fort Myers Beach zilifagiliwa. Jedwali la kodi halina safu ya mambo hayo.

Wala halina safu ya hospitali. Tangu mwaka 2010 zaidi ya hospitali 100 za mashambani zimefungwa Marekani au zimeacha kulaza wagonjwa, na Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyopoteza nyingi kuliko mengine. Mwenye nguvu haoni pengo hilo. Yeye akiugua huwasha injini akaenda mji mwingine.

Nije sasa kwenye jangwa lenyewe, kwa sababu ndilo linalosifiwa kuliko mahali pengine popote. Magharibi mwa Arizona kuna mji mdogo uitwao Quartzsite. Wakazi wake wa kudumu ni elfu chache, lakini wakati wa baridi huzungukwa na maelfu kwa maelfu ya magari-nyumba, meupe hadi upeo wa macho. Ardhi ya pembeni ni ya serikali kuu, na kwa miaka mingi ada ya kukaa msimu mzima, yaani kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, ilikuwa dola 180. Miezi saba kwa dola 180! Tulikaa pale mara mbili kati ya mkataba na mkataba, na nakubali kwamba sijaona nyota kama zile tangu utotoni. Lakini hebu mtazame hizo tarehe. Ikifika Aprili watu hufungasha, kwa kuwa kiangazi joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Mahali penyewe panakwambia uondoke. Na hospitali mle mjini hakuna.

Juu ya hayo kuna wanaonunua viwanja vya jangwani kabisa, huko njia ya lami inakoishia. Bei huwa ndogo, na sababu ya udogo wake haimo kwenye tangazo. Utachimba kisima, na maji yaweza kuwa chini sana. Utachimba shimo la maji machafu kwa kibali. Umeme utauvuta mwenyewe au utegemee jua. Na ukisema basi nitaegesha trela langu niishi humohumo, utakuta serikali za mitaa nyingi haziruhusu mtu kuishi kwenye trela moja kwa moja, hata kama kiwanja ni chako na hati unayo.

Nilimhudumia mzee mmoja wa namna hiyo, katika kliniki ya jimbo moja la kusini-magharibi. Yeye na mkewe walikuwa wameishi barabarani miaka kumi na mmoja, wakanunua ekari zao kwa fedha taslimu, wakafurahi. Mwaka wa tatu figo zikamshinda. Mgonjwa wa namna hii husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, na hana likizo. Kutoka kwao hadi kwetu zilikuwa kilomita 90 kwenda, na 90 kurudi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Baada ya saa nne za mashine mtu hawezi kuaminiwa usukani. Mkewe, mwenye miaka 71, alikuwa hajawahi kuliendesha lile pikapu kubwa, akajifunza. Njia yao ya vumbi ilikatizwa na korongo, na mvua ikinyesha milimani korongo lilijaa. Sisi wauguzi tulijua kumenyesha kwao kwa kukiona kiti chake kitupu. Tukipiga simu, sauti ya mama yule inatuambia, "Tumekwama, labda kesho." Katika ugonjwa ule kesho si neno la kuchezea, chumvichumvi za damu zikizidi, moyo husimama. Walijaribu kuuza kile kiwanja mwaka mzima. Mteja alipopatikana, alikuwa ni mtu mwingine wa gari-nyumba, mwenye miaka 66, ambaye aliwaambia jinsi alivyoupenda ule ukimya.

Wale hawakuwa wajinga. Mume alikuwa mhandisi. Walipiga hesabu zao vizuri, ila walizipiga kwa ajili ya watu wenye afya na wenye kuendesha gari, yaani kwa ajili ya watu waliokuwa siku ile, si wale ambao wangekuja kuwa. Hilo ndilo shtaka langu lote dhidi ya washauri wetu. Wanatuchagulia mahali kana kwamba tutaendelea kuwa na funguo mfukoni.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya madereva wazee wa Marekani. Ulikadiria kwamba wanawake huishi miaka kama 10 baada ya kuacha kuendesha gari, na wanaume michache kidogo kuliko hiyo. Miaka kumi! Watu hupanga harusi ya siku moja kwa miezi sita, na hawapangi miaka kumi ya kukaa bila gari katika nchi ambayo mara nyingi hata mkate haupatikani kwa miguu. Kwetu jambo hili si la kitabuni. Mume wangu ana miaka 68 na ana presho ya macho. Usiku haendeshi tena tangu miaka miwili iliyopita. Mchana bado yumo, na daktari anampima kila baada ya miezi minne, lakini yule daktari hakutuficha kitu: uwezo wa kuona uliokwisha potea haurudi, kinacholindwa kwa dawa ni kile kilichobaki. Mimi pikapu naliendesha. Kulirudisha nyuma lile trela la mita 10 katika nafasi yake ni kazi ambayo siku zote imekuwa yake.

Kwa hiyo mimi na yeye tumeweka kipimo kimoja. Tuondolee funguo, kisha tuone kimebaki nini. Kutoka mlangoni petu, kwa miguu au kwa basi, tunafika sokoni? Tunafika kwa daktari na duka la dawa? Tunafika kwa mtu wa kupiga naye soga kwa lugha tunayootea ndoto? Jimbo lisilo na kodi likishindwa hapo, limeshindwa, na mandhari yake tutayatazama kwenye kalenda.

Wataniambia kwamba siku hizi daktari unamwona kwenye simu, na dawa huletwa na posta hadi kwenye sanduku lako. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini daktari wa kwenye simu hakuinui ukianguka bafuni. Wataniambia pia, na hii ndiyo hoja yao yenye uzito, kwamba sisi watu wa barabarani tuna ujirani wetu wenyewe. Tunakutana Florida wakati wa baridi, tunakutana milimani wakati wa joto, tunakopeshana vifaa na kupikiana. Nisiwanyime haki yao. Nimepikiwa supu na watu ambao sikujua jina lao la pili. Wapo hata waliolitazama suala hili la uzee usoni: chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, kiliweka kituo Livingston, Texas, ambako mwanachama asiyeweza tena kusafiri anaegesha gari-nyumba lake, anapata chakula, anapata wa kumsaidia na wa kumpeleka kwa daktari. Hao nawavulia kofia. Lakini angalia walichofanya. Hawakusema nenda mbali ukapumzike peke yako. Waliwakusanya watu mahali pamoja wakaweka mwangalizi. Ni kinyume kabisa cha ushauri wa ekari tano.

Na ujirani wa kambi una mpaka wake. Huko Florida jirani yetu wa upande wa kushoto alifariki usingizini, mwanamume mpole, mpenda samaki. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua simu ya watoto wake. Tulikuwa tukila pamoja Jumamosi tatu mfululizo! Polisi walimpata ndugu baada ya siku mbili. Siku ya sita trela lake lilivutwa, na kabla ya wiki mbili kwisha pale palikuwa na wageni kutoka Kanada, wamening'iniza taa za rangi. Sikuona wa kulaumiwa. Nafasi ilikuwa imelipiwa hadi mwisho wa mwezi tu, na watu wale walikuja kupumzika. Mume wangu alisimama mlangoni akatazama zile taa, akaniuliza, "Mama, msiba wangu utakaa wapi?" Mtu wa kwetu hawezi kulipita swali hilo.

Kwa sababu hiyohiyo kuna kundi la pili la washauri, nalo liko Tanga. Mdogo wangu wa kiume hupiga simu kila Ijumaa na hamalizi bila kusema, "Dada, rudini. Kwani kwenu ni wapi?" Yeye simjibu kwa ukali ninaowajibia wale wa majedwali, maana yeye walau anauliza habari za watu, haulizi habari za kodi. Hata hivyo hesabu yake nayo haikai sawa. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na sisi tulichukua wa Marekani zamani; nikiingia Tanga sasa naingia na pasipoti ya kigeni. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, ambayo nimeichangia kila mshahara, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi. Macho ya mume wangu yanataka dawa kila siku na vipimo visivyokatika. Na Ngamiani ninayoikumbuka, barabara ya 12, mama zangu wakikaa barazani magharibi ikiingia, imekwisha kwa sababu mama zangu wamekwisha. Nyumba ina wapangaji. Nikirudi pale nitakuwa mzee mgeni miongoni mwa vijana wenye shughuli zao, wananiamkia kwa heshima na kupita. Kutembea nitatembea, Mungu akipenda, kila mwaka. Kuhamia ni neno jingine.

Watoto? Mmoja yuko Seattle, mwingine Atlanta, na wote wawili wamehama mara tatu kwa sababu ya kazi. Atakayemfuata mtoto Marekani anunue trela, nami namuuzia langu.

Mji tunaoutazama sisi huwafanya wenzetu wa kambini wacheke kwa sauti: Minneapolis, au pacha wake St. Paul, huko Minnesota. Baridi! Kodi! Nimefanya mikataba mitatu huko, na jimbo lile halikuwemo katika mapatano ya leseni za wauguzi, ikabidi niombe leseni ya peke yake na kuilipia. Kwa majedwali yao ni mji wa mwisho kabisa. Kodi ya mapato ipo, sikatai, ingawa tangu sheria ya mwaka 2023 wanandoa wenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka hawatozwi na jimbo juu ya pensheni yao ya serikali, na sisi tuko chini sana ya hapo. Kwa kodi ile kuna mabasi yanayotembea hata theluji ikianguka. Kuna treni ya umeme iliyoanza mwaka 2004, na njia ya pili iliyofunguliwa mwaka 2014 ikiunganisha miji yote miwili, kisha kando ya njia hiyo kuna kliniki, masoko na nyumba za kupanga zenye lifti. Kuna Wakenya wengi mno, hasa vitongoji vya kaskazini, na Watanzania wa kutosha kugombana nao. Unga wa ugali hautafutwi. Mkataba wangu wa pili niliugua homa siku nne, na msaidizi mmoja wa kitengoni, mama kutoka Kisii, alileta uji asubuhi na jioni bila kuulizwa. Siku ya tano akaja na wenzake watatu wa chama chao cha kila mwezi, kunitazama kama kweli nimepona. Arizona nilipougua, aliyenijulia hali alikuwa ni mwenye kambi, naye alitaka kujua kama tungeongeza wiki.

Baridi siidharau. Januari usiku huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na barafu ya njiani huvunja nyonga za wazee. Nimewapokea wengi kwenye viti vya magurudumu. Mume wangu naye hajakubali kwa moyo wote. Anasema mtu aliyekulia Pangani kwenda kufia kwenye friji ni dhihaka. Kwa hiyo hatutaenda Julai, mji ukiwa kijani na maziwa yakimetameta, tukajidanganya. Tumepanga kwenda Januari, miezi mitatu, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na kituo cha treni. Pikapu na trela vitabaki kwa mwanetu Atlanta, na funguo zote zitabaki kwake, pamoja na za akiba. Tutakwenda kwa ndege. Mume wangu amekwisha andikishwa kwa daktari wa macho huko, miadi miwili, Februari na Machi, na ya pili atakwenda peke yake na kurudi peke yake. Akiweza, trela litauzwa kabla ya Mei. Asipoweza, kwenye daftari langu kuna majina ya miji mingine miwili, yote ina mabasi, na yote inatoza kodi.